Mashine Niliyoacha Kuisafisha

Mwanangu Idrisa,

Salamu yako ulishanipa leo asubuhi, ukaniamkia na mimi nikakuitikia, kwa hiyo tusipotezeane muda na hujambo na sijambo. Mimi si mzima, baba. Nimekuwa nakuambia mzima miaka yote hii kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu.

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako. Nimekaa juu ya ndoo hapa mbele ya mashine yetu ya kusaga, mlango nimeufunga nusu, naandika kwenye daftari lako la zamani la darasa la sita. Habari za sweta na kula kwa wakati sikuambii. Mtu anayeaminiwa kushika damu za watu maabara anajua kuvaa soksi. Sanduku umelipanga, mimi nikalipangua nikalipanga upya, wewe ukalipangua tena ukidhani sioni. Yaishe hayo. Nina neno moja tu, nalo limenikaa shingoni tangu siku ile uliponisomea hotuba yako.

Unaikumbuka siku hiyo. Ulikuwa barazani unajisomea kwa Kizungu yale maneno utakayojitambulisha nayo huko uendako, kisha ukanitafsiria. Ukasema, "Dada yangu Salma alikufa akiwa na miaka minne, kwa sababu shangazi yetu alimpa kashata iliyoingia karanga. Ndiyo maana nimechagua kazi hii." Ukaniuliza, "Mama, iko sawa?" Nikasema iko sawa, nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Haiko sawa, Idrisa. Shangazi yako Mwanahawa hakumuua Salma. Ni mimi.

Kaa chini kama umesimama. Soma mpaka mwisho kabla hujaja kuniuliza, maana ukiniuliza uso kwa uso nitauchuna kama nilivyouchuna siku zote. Najijua.

Unga wangu wa lishe wakati huo ulikuwa na jina. Watu walikuwa wanatoka Buguruni na Temeke kuja kununua hapa Kariakoo kwa Mama Salma: mahindi, ulezi, soya, mchele, na karanga nyingi kuliko wengine, ndiyo siri yake. Kijana mbichi, nina mashine yangu, mume fundi magari pale Gerezani, mtoto wa kwanza mzuri kama nini. Nilikuwa najisikia, sikufichi.

Salma alipokuwa na mwaka na nusu nilimlambisha kijiko cha karanga za kusaga. Hapo hapo midomo ikaumuka, macho yakajifumba, akatapika, vipele mwili mzima. Nesi wa zahanati akaniambia, "Mama, huyu ana mzio. Karanga basi. Hata kijiko kilichogusa karanga, basi." Marehemu baba yako akayashika maneno yale kama sheria. Akatoa nyumbani kila kilichonukia karanga. Na mimi nikaanza kumsagia Salma unga wake peke yake, usio na karanga wala soya.

Sasa wewe unaijua kazi hii. Ukishasaga lishe yenye karanga, mafuta yanabaki kwenye nyundo za kusagia na kwenye chekeche. Hayatoki kwa brashi peke yake. Unazima, unatoa chekeche, unapiga brashi, halafu unapitisha mahindi makavu yakombe yale mabaki. Nilikuwa nayapitisha mara tatu. Ule unga wa kukombea nikawapa wafuga kuku. Ndipo nikamwaga nafaka ya Salma. Kazi yote hiyo kwa kilo mbili za unga wa uji, na foleni nyuma inanung'unika.

Na kunung'unika walinung'unika. Mteja mmoja, mwanamke wa mdomo mrefu, akasema mbele za watu, "Eti Mama Salma, sisi unatuuzia lishe ya karanga, wa kwako humpi. Kuna nini humo mwenzetu?" Wakacheka. Nikacheka nao. Lakini iliniingia, Idrisa, iliniingia mpaka ndani. Jirani wa meza ya viungo akaja kunipoza, akaniambia nisisikilize manesi, mtoto ni kuzoeshwa. "Mbona pilipili tumezoea? Mzoeshe kidogo kidogo, mwili utakubali."

Kidogo kidogo. Nikalala nalo, nikaamka nalo. Kumwekea karanga kwenye uji sikuthubutu, baba yako angeona. Nikafanya jambo ambalo mtu asiye na mashine hawezi hata kulifikiria. Badala ya kupitisha mahindi mara tatu, nikapitisha mara mbili. Basi. Nikasema yale mabaki yatakayobaki ndiyo kipimo chake.

Salma akanywa uji. Akajikuna sikio. Nikamwangalia mpaka mchana, hakuna kitu. Baada ya wiki chache nikashuka, nikawa napitisha mara moja. Siku nyingine vipele viwili vitatu shingoni, nikamwambia baba yako ni joto. Siku nyingine kakohoa kidogo, nikasema vumbi la Gerezani. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Na mtoto akanawiri! Nikawa najipongeza kimoyomoyo, nikajiona nimewashinda manesi na mdomo wa yule mwanamke. Nilipanga siku moja nitamsimamisha Salma hapa mbele ya foleni, nimpe karanga ale, watu waone.

Halafu nikaugua malaria. Siku kumi na kitu nimelala, mashine imefungwa, Salma anakula wali na mihogo ya baba yake. Nilipopata nguvu nikarudi kazini, Ramadhani inabisha hodi, watu wamejaa mpaka barabarani. Nikasaga magunia matatu ya lishe ya wateja, wewe uko mgongoni, mtoto wa miezi kumi unanilowesha. Nafaka ya Salma ilikuwa imebaki ya mwisho.

Usije ukanitetea ukasema nilisahau. Nilikuwa na kopo la mahindi ya kukombea mkononi. Nililiangalia, nikaliweka chini. Nikasema, ameshazoea huyu. Nikamwaga nafaka yake juu ya karanga za watu, nikawasha.

Kesho yake asubuhi nikampikia uji. Alikuwa amefika nusu ya bakuli, kakaa kwenye kigoda pale pale mlangoni, na shangazi yako ndio anaingia uani. Alikuwa anampenda Salma yule mwanamke, jamani. Tangu nje anaita, "Yuko wapi Salma wa shangazi, aje aone nilichomletea?" Na wakati Mwanahawa anavua viatu, Salma akanigeukia akaniambia, "Mama, koo linawasha."

Hajaigusa kashata. Hajaiona hata. Mimi peke yangu niliyesikia, na wewe mgongoni.

Sikumjibu. Nilijua, na nikawa nimesimama tu na mwiko mkononi. Salma akakimbia kwa shangazi yake, "Shikamoo shangazi," "Marahaba mama," akapewa kashata ya nazi, akauma kipande. Kidogo tu akaanza kukohoa. Midomo ile ikaumuka kama siku ile, ila sasa haraka, haraka. Akawa anakoroma. Mwanahawa akapiga kelele. Baba yako alikuwa hajatoka kwenda kazini, akambeba akakimbia naye mpaka barabara kubwa kutafuta gari, mimi nyuma na kanga moja, na mguu mmoja hauna kiatu.

Hospitali daktari akauliza, "Amekula nini?" Aliuliza akiniangalia mimi. Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo. Mwanahawa akanitangulia, analia, "Nimempa kashata, daktari, ya nazi, nimeipika mwenyewe." Basi mdomo wangu ukajifunga. Wewe utakuwa unajua kama jibu langu lingebadilisha lolote wakati ule, sindano wangemchoma nyingine au wangemchoma mapema. Nimekusomesha mpaka umefika mahali pa kujua. Sikuombi uniambie. Hakufika adhuhuri.

Baba yako alimshika dada yake mabega palepale kwenye korido, akamtikisa, "Uliweka nini? Sufuria ulipikia nini?" Mwanahawa anaapa, ameiosha sufuria mara tatu, alijua mtoto ana mzio, nazi ameikuna mwenyewe. Baba yako hakumsikia. Akamwambia asikanyage kwetu mpaka kufa. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mita mbili, nakunyonyesha. Hata neno "jamani" sikusema.

Kwanza nilijiambia nitasema baada ya mazishi. Kisha baada ya arobaini. Kisha nikajiambia labda kweli ile sufuria ilikuwa na karanga, nani ajuaye? Neno likikaa ndani muda mrefu, mtu unaanza kulitilia shaka, unalipenda lile la uongo kwa sababu ndilo linalokuwezesha kula chakula. Miaka ikaenda. Ulipokuwa darasa la kwanza ukaniuliza kwa hasira, "Mbona hawakuiti Mama Idrisa?" Nikakuchapa kofi, kisha nikalia mimi. Mji mzima huu unaniita kwa jina lake kutwa mara mia, na sikuwahi kumwambia mtu abadilishe. Niliona ndiyo hukumu yangu, kumbe nilikuwa najichagulia hukumu nyepesi.

Baba yako alipofariki, Mwanahawa alikuja msibani. Hukumtambua. Yule mwanamke mrefu aliyekaa nje na majirani, juu ya mkeka wa mwisho karibu na mtaro, ndiye shangazi yako wa damu. Kaka yake anatolewa ndani kwenda kuzikwa, yeye amekaa na watu baki. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia. Baba yako alikuwa ameshakufa, sikuwa tena na wa kumwogopa, na bado sikutoka. Mpaka leo katika mambo yote, hilo linanitia aibu kuliko hata lile kopo.

Nasikia ile sauti ya Salma, Idrisa. Ukizima mashine hii nyundo zinazunguka zenyewe kidogo kabla hazijasimama, na mwishoni kabisa zinakoroma. Kila jioni. Ulikuwa unaniuliza kwa nini nikishazima natoka nje haraka kama ninafukuzwa. Ndiyo hiyo. Na wale wateja wanaonicheka eti Mama Salma anasafisha mashine mara tano, anauliza kila mama "mtoto wako karanga anakula?" mpaka wengine wananikasirikia, waache wacheke.

Sasa hii kazi yako. Nilikuwa naisikiliza kuliko ulivyodhani. Ulinieleza kwamba mwilini mna seli zinazotengeneza kingamwili, na kwamba hazitengenezi za aina moja. Ukasema, "Mama, ni kama mashine yako. Ukibadilisha chekeche, nafaka ile ile inatoka unga mwingine." Kuna kingamwili ya kelele, ndiyo iliyomwona adui kwenye karanga ya Salma, ikaupigia yowe mwili mzima mpaka ukajifunga koo wenyewe. Na kuna nyingine ya kimya, inakaa kwenye ute wa pua na koo na utumbo, inamkamata mdudu mlangoni hajaingia ndani. Ninyi mnatafuta namna ya kuibadilisha hiyo chekeche mnavyotaka. Mwenye mzio, muipunguze ile ya kelele. Anayechanjwa kwa kupuliziwa puani au kwa matone mdomoni, muiongeze ile ya mlangoni. Nilielewa vizuri. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, mtoto wa mashine ya Kariakoo.

Kisha ukasema lile lingine. Ukasema kuna watoto wanapewa unga wa karanga kidogo sana, umepimwa, leo punje, baada ya wiki punje na nusu, mpaka mwili unaacha kupiga kelele. Ukaliita tiba. Nikaondoka mezani. Ulidhani nimekwenda kuzima jiko, lakini jiko halikuwa linawaka. Nilikuwa nimeshika ukuta. Kumbe lile wazo la kwenye meza ya viungo halikuwa la kipuuzi! Kuna madaktari wamesomea, wanalifanya mchana kweupe, na watoto wanapona. Miaka yote nilikuwa najilaumu kwa wazo, na wazo lilikuwa zima.

Nikakuuliza siku nyingine, nikijifanya sina haja, "Na hao watoto wakizidiwa?" Ukanijibu, "Mama, wanapewa hospitali, daktari yuko pale, sindano iko tayari mezani, kila kipimo kimeandikwa. Mtoto akiugua au akikosa siku kadhaa wanarudi nyuma, hawaendelei pale walipoachia. Na si wote wanaofaa." Ulikuwa unamenya chungwa huku unaniambia hivyo. Wanarudi nyuma. Mimi baada ya siku kumi na kitu sikurudi nyuma, nilimrukisha mbele.

Kwa hiyo kosa langu nimeligeuza geuza mpaka nimelijua. Sikujua kitu, sawa, lakini asiyejua anafundishika. Mimi nilifanya jambo ambalo sikutaka mtu yeyote aniulize. Ningemwambia baba yako, angenikataza. Ningemwambia nesi, angenigombeza. Ndiyo maana sikuwaambia. Huko uendako utakuwa na vichupa vyako na vipimo vyako na hamu ya kuwaonyesha watu, maana hiyo hamu umeirithi kwangu, naiona. Ikitokea siku unafanya kitu huku umetega sikio mlangoni asije mtu, weka chini, baba. Toka nje umwite mtu aje aone. Hata kama ni mtu usiyempenda.

Na jingine. Watu watakaokuletea watoto wao hawatakuambia kweli yote. Utawauliza mtoto amekula nini, na mama atakuangalia, atafungua mdomo, atafunga. Usiridhike na anayejibu kwa haraka kando yake. Mngoje yule aliyenyamaza. Mtoe pembeni, mpe maji, umuulize tena kwa upole. Mimi kama kuna mtu angeniuliza mara ya pili, nadhani ningesema.

Jana nilikuambia nakwenda kununua magunia. Nilikuwa nakudanganya, na naomba uwe uongo wangu wa mwisho kwako. Nilikwenda Ilala kwa shangazi yako. Nilitembea kwa miguu ili nikichoka nirudi, sikuchoka.

Alinifungulia mwenyewe. Amezeeka, ana uso wa baba yako mtupu. Hakunikaribisha ndani na mimi sikutaka. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kizingitini, kopo, mahindi, koo linawasha, mpaka safari yako hii. Sikulia, niliona nikilia nitakuwa namwomba anibembeleze. Alinisikiliza ameshika mlango. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa hata kwa makofi.

Akasema, "Mimi nilidhani ni ile sufuria."

Nikamwambia sufuria haikuwa na kitu. Akasema tena, polepole, "Mama Salma, nilikuwa najua ni mimi. Niliiosha mara tatu, lakini nikawa najiambia labda ya tatu sikuiosha vizuri. Sikumshika mtoto wa mtu tena baada ya pale. Watu wananipa watoto wao niwabebe, nasema mkono unauma."

Idrisa, mimi nilidhani nimemwibia nyumba ya kaka yake tu. Sikuwahi kufikiria kwamba na yeye aliamini ni yeye. Nilidhani huko aliko ananilaani, anajua yeye ni msafi, ana hasira yake inamshikilia. Kumbe miaka yote nimemwachia Salma wangu ambebe yeye.

Akaniuliza, "Ulijua lini?" Nikasema, tangu siku ile. Akatikisa kichwa. Akasema, "Kaka yangu amekufa hajui." Nikasema ndiyo. Akaanza kufunga mlango, wala hakuubamiza. Hakusema amenisamehe na sidhani kama atanisamehe, sitaki umwombe kwa niaba yangu. Mlango ulipobaki upenyo mdogo akaniuliza mtoto wako anaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa, nikamwambia na mlango wa kuingilia uwanja wa ndege. Akafunga.

Ile hotuba ibadilishe. Usiandike ajali, wala usiandike "familia yetu haikuwa na elimu". Pale penye shangazi, andika mama yake. Mimi nimekuruhusu, na wakikuuliza kama mama huyo yuko hai, waambie yuko hai na bado anasaga.

Sijui kwa nini aliuliza saa. Labda basi tu. Lakini kesho pale uwanja wa ndege ukiona mwanamke mrefu amesimama mbali, amejitenga kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa, nadhani atakuwa yeye. Hatasogea, hajazoea kusogea. Utakuwa umenishika mkono wakati huo. Uachie, uende kwake umwamkie, umkumbatie mpaka achoke yeye. Mimi usinirudie. Ukimaliza naye, pita moja kwa moja uingie ndani.

Ni mimi mama yako.